Mvi za Waringa

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na laiti wangemjua Muthoni wa Hurlingham wangeongeza kwamba msusi naye hajitazami. Saluni yake ilikuwa ghorofani kando ya Argwings Kodhek, juu ya duka la dawa, na wanawake waliovuka hamsini walipanda ngazi zile kwenda kuambiwa ukweli ambao waume zao waliuogopa.

"Mama, hii rangi nyeusi tii inakufanya ukae mkali kama askari wa kaunti," angemwambia mke wa mtu mkubwa bila kupepesa. "Uso ukishaanza kulegea, usiuwekee weusi kama wa rangi ya ukuta. Tulainishe iwe kahawia kidogo, au tuache mvi zijitokeze polepole. Na hizi ndefu zilizonyooka zinauvuta uso chini. Tupunguze pembeni, tuache kimo hapa juu, halafu hapa kwa paji tuweke laini."

Wenye kupenda rasta za kukazwa hakuwaonea huruma hata kidogo. Aliwashikia kioo kidogo kando ya sikio awaonyeshe mahali nywele zilipokimbia. "Ukikaza hivi mwaka mwingine, hapa patabaki wazi kama kiganja. Nywele ya mtu mzima ni kavu, ni nyembamba, inataka kubembelezwa. Paka mafuta ya nyonyo, lala na kitambaa cha satini, na uache kuichoma choma na pasi." Waliguna, wakatii, wakashuka ngazi wakiwa wadogo kwa miaka kadhaa.

Yeye mwenyewe alivaa wigi. Tena si wigi la heshima, ni lile jeusi lililonyooka mpaka mabegani, lenye shungi la nywele lililoshuka hadi kwenye nyusi. Lilivunja kila sheria aliyoihubiri. Shiko, aliyeingia saluni ile kama msichana wa kufua taulo na sasa alikuwa fundi kamili, ndiye peke yake aliyethubutu kulisema.

"Mama Ken, aki hiyo wigi inakuzeesha. Ungekuwa customer ungejifukuza."

"Nyamaza uangalie dryer," Muthoni alimjibu, na maneno yakaishia hapo.

Shiko hakujua kilichokuwa chini ya wigi. Nywele za Muthoni zilikuwa zimegeuka nyeupe, na weupe wenyewe ulianzia mbele, ukapanda kutoka kwenye paji kama povu la maziwa, vilevile ulivyopanda kwa marehemu mama yake, Waringa. Paji lilikuwa lile lile, na masikio yale yale yaliyolala karibu na kichwa. Jioni, wateja wakishaondoka, Muthoni alipovua wigi ili apunge hewa, Waringa alikuwa akimtazama kutoka kwenye vioo vyote. Alimwogopa. Mtu mzima, mwenye mwana, Ken, anayefanya kazi ya mshahara, alikuwa akimwogopa mama yake aliyekufa, naye hakuona mtu wa kumwambia jambo kama hilo.

Woga huo ulikuwa na chanzo chake. Waringa alifariki miaka miwili kabla ya hapo, baada ya kulala hospitalini kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke ambaye hakupaka rangi kichwani maisha yake yote. Binti yake alipofungua saluni akataka kumfanyia bure, mama alicheka akasema nywele zake zimefanya kazi ya kutosha, waziache zipumzike. Alizikata fupi kwa makasi, akazipaka mafuta, akazifunga kitambaa akienda shambani. Lakini hospitali ilizinyonyoa zikabaki viraka, na siku ya mazishi Muthoni alifikiri watakachosema akina mama wa kanisani. Watasema mwenye saluni kubwa Hurlingham amemwacha mamake aende kaburini kama kuku aliyenyeshewa. Akabeba mkoba wake akaenda mochari asubuhi. Kwa mikono yake akampaka Waringa rangi nyeusi tii, akavijaza vile viraka, akazilaza nywele vizuri kwa brashi.

Ilikuwa ni ile rangi aliyowakataza watu wote. Akiulizwa leo hawezi kusema kwa nini hakuona. Huzuni humfanya fundi asahau ufundi wake.

Baba yake, mzee Gerishon, aliletwa kuutazama mwili, akiwa ameshikwa mikono na watu wawili. Aliinama juu ya jeneza. Alitazama kwa muda, kisha akainuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu si Waringa. Huyu ni mama wa watu."

Walidhani ni majonzi. Wazee walimshika bega, mchungaji akamwombea. Lakini pale kaburini, ilipofika zamu ya mume kutupa udongo, Gerishon alikunja mkono akauweka mfukoni. Alisema hawezi kumzika mtu asiyemjua, wenyewe wakija watamdai. Kwa hiyo wengine wakatupa, jeneza likafunikwa, na Waringa akalala bila udongo wa mumewe.

Nyumba ya mzee iko Kitisuru, kwenye ekari moja iliyobaki katikati ya majumba ya kuta ndefu. Zamani palikuwa kahawa tupu, na huyo Gerishon ndiye aliyeipalilia. Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya miavokado, linaonekana vizuri kutoka dirisha la sebuleni. Mzee alilipitia kwa adabu, akavua kofia kila alipolikaribia. "Pale amelala mgeni wetu," aliwaambia waliomtembelea. "Watu wake hawajamuulizia." Kisha alirudi kukaa kwenye kiti chake akimngoja mkewe arudi, na geti aliliacha wazi usiku na mchana asije akakuta limefungwa.

Jambo lililomuuma Muthoni zaidi hata ya hilo ni jina. Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba, na ndiyo maana Gerishon hakumwita Muthoni kwa jina lake hata siku moja. Alimwita Mama, tangu akiwa mtoto wa kubebwa. "Mama, njoo ule. Mama, umepita mtihani?" Tangu mazishi hakumwita hivyo tena. Muthoni alipokuja na wigi lake na mfuko wa matunda, mzee alimwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka bei ya kitu, kisha akageukia geti.

Na yeye Muthoni, tangu siku ile ya mochari, hakuweza kustahimili harufu ya rangi ya nywele. Ikifunguliwa chupa, alitoka kusimama kwenye ngazi. Wateja wa rangi aliwaachia Shiko, karibu na dirisha, na kichwa chake mwenyewe akakifunika kwa wigi.

Mambo yangeweza kubaki hivyo kama mzee angebaki kwenye kiti. Lakini mwezi wa sita alianza kutoka. Mara ya kwanza alikutwa barabarani. Mara ya pili alifika Westlands kwa miguu, akiwa na patipati za bafuni, akasimama kwenye mlango wa duka kubwa akimkagua kila mwanamke mwenye mvi anayeingia. Magari ya pale hayamjui mzee wala kijana. Mwendesha boda mmoja mwenye utu ndiye aliyemrudisha, na Mukai, mama wa Kikamba aliyeajiriwa kumtunza, alilia mpaka akaishiwa sauti.

Ndegwa, mdogo wake Muthoni, hakulia. Alipiga simu.

"Nimepata mahali pa kutunza wazee, upande wa Limuru," alisema. "Wako na nurse, wako na fence. Mwisho wa mwezi tunampeleka."

"Ndegwa, ukimtoa hapo atakufa. Hiyo shamba ndiyo yeye."

"Na akigongwa na lori? Si atakufa pia? Wewe niambie utafanya aje akae, Muthoni. Niambie tu, nitakusikiza."

Ndegwa hakuwa mtoto mbaya, alikuwa amechoka na kuogopa, na mtu akiogopa hutafuta ukuta.

Jumapili iliyofuata jua lilikuwa la kuchoma, na Muthoni alitoka kanisani moja kwa moja kwenda Kitisuru. Kichwa kilikuwa kinamwasha chini ya wigi kama kimemwagiwa pilipili. Mzee alikuwa amesinzia sebuleni. Muthoni akaenda kwenye bomba la nyuma ya jikoni, akalivua wigi, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akainamisha kichwa kwenye maji. Alipoinuka, akijipangusa macho kwa ncha ya leso, babake alikuwa amesimama mlangoni.

"Waringa," mzee alisema.

Muthoni alilifunga bomba. Alijua neno la kujibu, lilikuwa fupi na la kweli. Lakini aliutazama uso ule ambao kwa miaka miwili haukuwa na mtu ndani, na sasa mwenyewe alikuwa amerudi.

"Nimerudi," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Hospitali."

"Walikuweka sana." Alitikisa kichwa kwa kuwalaumu madaktari, akamshika mkono kumwingiza ndani. Mchana ule alikula ugali na mboga akamaliza sahani, jambo ambalo Mukai alikuwa amelisahau. Jioni Muthoni alipoaga, akasema anakwenda kwenye maombi ya akina mama na atarudi, mzee alikubali bila swali. Mkewe alikuwa hivyo tangu zamani, mtu wa maombi. Mzee hakutoka getini siku ile, wala siku iliyofuata.

Ndivyo Muthoni alivyoanza kazi ya kuwa mama yake. Jumatatu alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akavua wigi mbele ya Shiko, akamwambia akate.

Shiko alishika mdomo. "Mama Ken! Na umekuwa ukificha hii kitu?"

"Kata fupi, kwa makasi, si mashine. Acha kimo mbele. Pembeni karibu na ngozi, masikio yaonekane."

Wigi alilitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Na cha ajabu, au labda si ajabu, kilikuwa ndicho kichwa alichopaswa kuwa nacho siku zote. Uso ulifunguka, macho yakapata nuru. Wateja walimzunguka wakitaka kukatwa vilevile. "Umekuwa mrembo, Mama Ken, nani alikukata?" Aliwashukuru. Kila aliyemsifu alikuwa akimsifu marehemu, na yeye ndiye pekee aliyejua.

Alikwenda Kitisuru kila alipopata nafasi. Alikuja kwanza kwa hila, kisha hila ikaanza kumzoea yeye. Mkono wake uliweka chumvi kwenye rafu ya juu ambapo Waringa aliiweka, ingawa hakuna aliyemfundisha. Alikohoa kabla ya kuingia chumbani, kama Waringa. Mbwa mzee, aliyembwekea Muthoni tangu Muthoni alipojifunza kuendesha gari, sasa alimlaki kwa mkia. Mukai naye akabadilika, akawa anampisha mlangoni akiangalia chini.

"Madam, usikasirike," alimwambia siku moja, "lakini ukitoka hapo jikoni jioni mimi nasikia baridi. Mtu akiitwa sana na jina la maiti, siku moja ataitika kabisa."

"Nishaitika, Mukai," Muthoni alimwambia, na wote wawili hawakucheka.

Ndegwa alikuja akaona. Alisimama uani, akamtazama dada yake akimpaka mzee mafuta mikononi, akarudi garini akakaa humo kwa muda. Baadaye alisema tu, "Hii ni kucheza na wafu," kisha akasema atawaambia wale wa Limuru wangoje. Muthoni alikuwa amepata alichotaka. Baba alikuwa nyumbani, analala, anakula. Geti tu ndilo lililobaki wazi, kwa sababu Waringa alikuwa mtu wa kutoka na kurudi.

Hadi siku ile ya mawingu ya Agosti. Walikuwa wamekaa dirishani wakinywa chai, na mzee alikuwa akizitazama mvi zake kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

"Waringa, kuna jambo linanisumbua. Yule binti yetu."

Muthoni aliweka kikombe chini. "Yupi?"

"Kwani tuna wangapi? Mama. Tangu urudi hajakanyaga hapa. Nafikiri ni mimi nilimkosea." Alitafuta maneno, na safari hii akayapata. "Siku ile ya yule mgeni, niliona vidole vyake. Vilikuwa na weusi. Nikajua ni yeye aliyempamba. Nikamkasirikia sana, nikasema huyu anapamba mama wa watu na mamake hatujui aliko. Sikumsemesha tena. Lakini nimekaa nikafikiri, mgeni akifia ugenini ni nani wa kumtengeneza? Mama alifanya vyema. Alimpamba kama mzazi wake. Mwite aje nimshukuru, nisije nikafa na neno lake."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kuna siku mtu huinama akajaribu kuyazoa kwa mikono. Muthoni alisema anakwenda jikoni. Alipitia nyuma, akafika kwenye gari, akafungua mlango. Wigi lilikuwa pale kwenye kiti, limejaa vumbi. Alilivaa bila kioo, akazunguka akaingia kwa mlango wa mbele.

"Baba, ni mimi. Muthoni."

Mzee alifurahi hata akataka kuinuka. "Mama! Nilikuwa nakutaja sasa hivi. Mama yako ametoka tu, hamjapishana hapo nje?" Akamkalisha, akamshika vidole, akavigeuza akiviangalia kimoja kimoja. "Vimetakata. Nakushukuru kwa ajili ya yule mgeni, Mama. Ulifanya utu."

Jina lake lilikuwa limerudi, alilolililia miaka miwili, nalo lilimwingia kama kisu. Kushukuriwa kwa kosa ni adhabu isiyo na mwenzake.

Mzee alishaanza kutazama geti. Alitazama mara moja, kisha tena, na uso ukaanza kuondoka kama ulivyokuwa ukiondoka zamani. "Huwa hakai sana," alisema. "Ametoka bila sweta. Hebu nikamwangalie." Akashika mikono ya kiti ili asimame.

Muthoni aliona yote kwa pamoja. Akiwa Waringa, baba alikosa binti. Akiwa Muthoni, baba alikwenda barabarani. Hakuna siku Waringa na Muthoni wangeweza kuwa wote wawili katika chumba kimoja, isipokuwa kwa njia moja, na njia hiyo aliiogopa kuliko vioo vyote vya Hurlingham.

"Baba, ngoja. Niangalie."

Akainua mkono, akalivua wigi mbele ya macho yake, polepole, akaliweka mapajani.

Mzee alitazama. Alitazama wigi, akatazama kichwa, akarudi kwenye wigi. Akanyoosha mkono akazigusa zile mvi kuanzia kwenye paji kwenda nyuma, kisha akashuka kwenye shavu, kwenye kidevu, akafika kwenye kovu dogo chini ya sikio ambalo Muthoni alilipata akianguka kwenye kreti za kahawa akiwa mdogo. Kidole kikasimama hapo.

"Mama," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Baba."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akageuza kichwa dirishani, kwenye miavokado.

"Basi yule pale si mgeni."

"Si mgeni, Baba."

Hakulia hapo. Aliomba kofia na fimbo. Mukai alitoka jikoni akaona Muthoni bila wigi na mzee akimwita Mama, akajifunga leso vizuri akawafuata kwa mbali. Kaburi lilikuwa limeota nyasi. Gerishon alivua kofia kama kawaida yake, lakini safari hii hakupita.

"Na mvi zake?" aliuliza. "Mlizipeleka wapi? Mimi nilizitafuta siku ile."

"Zilikuwepo, Baba. Nilizifunika kwa rangi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka apendeze."

Mzee alifikiri. Hakukasirika, na heri angekasirika. "Lakini alikuwa anapendeza," alisema.

Muthoni, aliyekuwa na kazi nyingi sana siku ya mazishi hata asipate kulia, alilia sasa, kwa sauti, akiwa kichwa wazi. Baba yake aliegemea bega lake, akainama. Akachota udongo kwa kiganja, ulikuwa mkavu wenye mizizi ya nyasi, akausaga kwa vidole hadi ukawa laini, akautupa. Akachota mwingine. Ndipo naye machozi yakamtoka, akawa anamwita Waringa kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mwenzake taratibu asimshtue.

Walirudi giza likianza kushuka. Mukai aliwasha taa. Muthoni alipita mbele ya kioo cha zamani cha koridoni, na kwa mara ya kwanza hakukiepa. Mle ndani palikuwa na mwanamke wa makamo mwenye mvi fupi zilizokatwa vizuri na macho yaliyovimba. Alimtafuta mama yake nyuma ya yule mwanamke, akamkosa. Alikuwa amemwombea aondoke kwa miaka miwili, na sasa alitamani angalau angeaga.

Alichukua funguo za gari atoke. Mzee alikuwa amemtangulia, yuko getini, anahangaika na mnyororo wenye kutu ambao haukuwa umeguswa tangu mazishi. Mbawa mbili za geti zilikuwa zimevutwa pamoja.

"Nisaidie na hii kufuli, Mama, macho yangu hayaoni," alisema. "Tufunge. Hatuna tena mtu wa kungoja."

Muthoni akafunga, akiwa ndani.